UZI: Kuhamia Kisumu ukitokea Mwanza, na mambo ambayo hakuna aliyeniambia

NyarMwanza ameandika:

Habari zenu wana jukwaa. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeolewa na mtu wa Seme, na tangu mwisho wa Septemba 2025 naishi Kisumu, mtaa wa Migosi. Kwetu ni Kirumba, Mwanza. Kabla ya hapo sikuwahi kuvuka mpaka wa Sirari hata kwa kutembea. Naanzisha uzi huu kwa sababu kila nikimwambia mtu, awe wa huku au wa nyumbani, kwamba kuna mambo bado yananipa shida, napewa jibu lile lile: "Si ni hapo tu? Kenya na Tanzania si kitu kimoja?"

Jamani, si kitu kimoja. Ningekuwa naenda Ujerumani, ukoo mzima ungekaa kikao. Ningeambiwa habari za baridi, ningenunuliwa koti, angetafutwa mtu aliyewahi kuishi kule anieleze. Mimi niliambiwa tu "safari njema, ukifika utupigie". Ni kweli si mbali, ukiondoka Mwanza alfajiri unalala Kisumu. Lakini ukishafika, ni nchi ya watu na ina taratibu zake, na hakuna anayekuelekeza kwa sababu wote wanadhani unajua. Mgeni wa mbali anahurumiwa, mgeni wa jirani anachukuliwa ni mwenyeji. Hilo ndilo lililonichosha kuliko lolote, na ndilo nataka tulizungumze.

Mpakani hapakuwa na taabu. Sirari na Isebania sasa ni kituo cha pamoja, muhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa ndani ya jengo moja. Sisi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunaweza kupewa mpaka miezi 6, ila angalieni kilichoandikwa kwenye pasipoti zenu kabla hamjaondoka dirishani, maana muda anaandika ofisa. Baada ya hapo ni Migori, Rongo, halafu milima ya Kisii yenye migomba na chai mpaka kando ya lami, watu wamejaa kila kona. Ukishuka Oyugis na Sondu ardhi inalala, na pale Ahero nikaona majaruba ya mpunga. Moyo ukatulia kidogo. Nikasema basi, wali upo.

Kilichonikamata kwanza ni hela. Shilingi moja ya Kenya ni kama 19 au 20 za kwetu, hilo nililijua kichwani, lakini mkono haukujua. Mwenye bodaboda ananiambia "hamsini", naona ni bure, kumbe ni kama elfu moja ya nyumbani. Noti ya elfu moja ambayo kwetu ni nauli na maji, huku ni mtu anaitoa akiwa amejipanga, na wauza mboga asubuhi hawana chenji yake. Kwa wiki kadhaa kila kitu nilikuwa nakizidisha mara ishirini kabla sijanunua, na anayeuza ananiangalia anangoja. Aliyenisaidia ni wifi yangu. Aliniambia acha kuzidisha, shika bei ya vitu vitatu tu, unga, mafuta na nauli ya mjini, halafu pimia vingine humo. Tangu siku hiyo nilianza kulala bila kupiga hesabu.

Halafu hiyo hela yenyewe haionekani. Kwetu malipo ya simu yapo, tena tunayatumia, lakini ukienda gengeni bado unatoa noti. Huku mama mboga mwenye mafungu manne ya nyanya na gunia la sukuma wiki amebandika namba yake kwenye kibao. Makanga anataka utume. Anayeuza mayai ya kuchemsha na kachumbari barabarani anataka utume. Mpaka sadaka. Sasa mtu aliyeshuka kwenye basi jioni na laini ya Tanzania anaishije? Nilikaa mpaka mume wangu akapata nafasi tukaenda kusajili laini kwa pasipoti. Kabla ya hapo, dukani nilikuwa natoa noti na muuzaji anainua macho kuniangalia upya. Nawaomba mnaokuja: laini kwanza, hata kabla ya kufungua begi.

Kuna jambo moja la kushukuru, nalo ni nyumba. Kule kwetu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, mkononi, ndipo akupe ufunguo. Huku tulilipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, tukaingia siku hiyo hiyo. Nilidhani mume wangu ananitania. Ila huku mwezi ukiisha ukiwa hujalipa, mtunza ploti anagonga mlango tarehe tano na hana salamu ndefu.

Na salamu ndiyo niliyoikosa kuliko chakula. Nimelelewa kwamba ukiingia dukani unasalimia, unaulizia za nyumbani, ndipo unataja shida yako. Huku mtu anafika anasema "nipee sukari nusu" na anapewa, na hakuna aliyekasirika. Siku za mwanzo niliona nimezungukwa na watu wenye hasira. Lakini nikaona na kingine: mikono. Huku watu wanapeana mikono kila mahali, na mkono hauachiwi haraka. Wamama wa ploti yetu wakirudi kanisani wanapeana mikono mmoja mmoja mpaka na watoto wadogo. Mdomo una haraka, mkono hauna. Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, nilimwamkia shikamoo siku ya kwanza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaitikia marahaba, akaniuliza baba yangu anaitwa nani na mama yangu anaitwa nani. Yeye ndiye aliyenipa hili jina ninalotumia hapa, NyarMwanza, yaani binti wa Mwanza kwa Kijaluo.

Huyo mama ndiye aliyenipeleka Mamboleo. Sijazoea hata njia ya sokoni, Oktoba 15 Raila Odinga akafariki akiwa India. Nilikuwa natandika kitanda, nikasikia kelele ploti nzima, nikadhani kuna moto. Nikatoka nikakuta wanaume wazima wamekaa chini ukutani. Mjini maduka yakafungwa, bodaboda zikapita na matawi ya miti, honi haziishi mpaka usiku. Jumamosi ya Oktoba 18 mwili ukaletwa uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, na jirani akaniambia siwezi kubaki ndani peke yangu. Akanifunga leso kiunoni kwa mkono wake, tukatembea kabla hakujapambazuka, na barabara ilikuwa imejaa kama mchana. Mbele yetu alikuwepo mzee amevaa suti nzito ya rangi ya kahawia, kigoda chake amekibeba kichwani, kila akichoka anakiweka chini kando ya lami, anakaa, anafuta jasho, anainuka tena. Hakuna aliyemharakisha. Watu walikuwa wanampita kwa pembeni.

Mimi nilikuwa sijui wimbo hata mmoja waliokuwa wanaimba. Nilikuwa najua jina la marehemu kama mtu yeyote wa Afrika Mashariki anavyolijua, kutoka kwenye redio. Pale nikaona nimeingia kwenye nyumba yenye miaka mingi ya kulia na kucheka pamoja, na mimi sikuwepo. Hakuna kitu kilichonionyesha kwamba niko nchi nyingine kama siku ile. Lakini hakuna pia siku niliyoshikwa mkono na watu wengi hivyo.

Mengine ni madogo. Chai: ukiagiza chai unaletewa yenye maziwa, ya rangi lazima uitaje. Mboga za kienyeji zinalazwa kwenye maziwa, uchungu unaisha kabisa, na sasa sipiki tena kwa njia ya kwetu. Mvua inakuja alasiri au usiku kwa radi za kutisha, asubuhi jua kali kama hakukuwa na kitu. Ziwa ni lile lile langu, ila hapa liko ndani ya ghuba, na kuna siku nilifika ufukwe wa Dunga nikakuta gugu maji limefunika mbele yote kijani, mitumbwi imekwama. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea.

Naomba msaada wenu kwa matatu. Nazi Kisumu zinapatikana wapi? Karatasi za uhamiaji kwa mke wa Mkenya zikoje? Na ninyi mliohamia nchi za watu, nani aliwaeleza vitu vidogo vidogo?

MwanaWaZiwa:

Karibu Kisumu dada. Lakini kwa heshima, hapo kwa ugeni umezidisha. Watu wa Rorya na Shirati wako Tanzania na ni ndugu zetu wa damu, lugha moja, wanakuja matanga na kurudi. Mpaka ni wa wazungu. Hakuna ugeni hapo.

NyarMwanza:

Asante kaka. Mtu wa Rorya anakuja kwa wajomba zake, sawa. Mimi ni Msukuma. Kwenye matatu nikisikia Dholuo, yaani Kijaluo, nasikia mdundo tu, na kwa sababu naongea Kiswahili kila mtu anadhani nafuata mazungumzo. Mpaka uwe wa wazungu au wa nani, pasipoti yangu iligongwa muhuri pale na mtoto wangu atazaliwa upande huu. Sisemi kwa ubaya, nasema ili nionekane.

JiraniWaNyalenda:

Nimesoma yote. Hapo kwa mzee na kigoda nimelia tena. Tulikuwa pale.

MzeeWaReli:

Marahaba binti yangu, na karibu sana katika mji wetu.

Nataka nikuongezee jambo kwa sababu umetaja ziwa. Nyinyi vijana mnaiona Mwanza na Kisumu kama miji ya nchi mbili. Mimi nimefanya kazi katika Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na marehemu baba yangu kabla yangu, na wakati huo Mwanza ilikuwa ni kituo kinachofuata. Reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, wakapaita Port Florence, na kutoka gatini hapa meli zilizunguka ziwa lote, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. MV Victoria ambayo bila shaka umekua ukiiona Mwanza, vipande vyake vililetwa kutoka Uskoti na kuunganishwa hapa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Mtu alikuwa anapanda jioni na mkeka wake na kuku wake. Hakuna aliyemuuliza pasipoti.

Halafu 1977 Jumuiya ikavunjika. Meli zikagawanywa: Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki kwetu. Tanzania ikafunga mpaka na haukufunguliwa hadi 1983. Dada yangu alikuwa ameolewa Musoma. Mama yetu alikuwa mgonjwa katika miaka hiyo, na dada hakuweza kuja kwa njia iliyonyooka. Alikuja baadaye, akapelekwa kuonyeshwa kaburi. Kwa hiyo kijana anayesema mpaka ni wa wazungu, namwelewa, lakini ulipofungwa haukufungwa na wazungu. Ulitufunga sisi.

Jumuiya ya sasa mkataba wake ulitiwa saini 1999, na hiyo miezi 6 unayogongewa pale Isebania imetokana na huo. Usiidharau. Ningempa dada yangu hiyo miezi 6, angemkuta mama.

NyarMwanza:

Baba, nimeisoma hii mara mbili na nimempigia mama yangu simu nikamsomea. Yeye amesafiri na Victoria mpaka Bukoba akiwa msichana. Hakujua iliunganishwa Kisumu, wala mimi. Poleni sana kwa mama. Nashukuru umeniandikia.

KaraniMilimani:

Kwa swali la karatasi, kwa ufupi, halafu uende uhamiaji mwenyewe wakuangalie faili lako.

Ukikaa Kenya zaidi ya siku 90 kama mgeni unatakiwa kujisajili na kupata kadi ya mgeni. Usiseme "mimi ni wa Jumuiya" ukaiacha, kwa sababu siku utakapoihitaji benki au hospitali ndipo utakapojua. Maombi yanaanzia mtandaoni. Kama uko chini ya mume, kuna pasi ya tegemezi. Elewa vizuri: pasi hiyo inakuruhusu kukaa, haikuruhusu kufanya kazi. Ukitaka kufungua duka au kuajiriwa, ulizia kibali kwanza, usianze halafu uulize.

La uraia: Katiba ya 2010 inampa mtu aliyefunga ndoa na Mkenya haki ya kuomba baada ya miaka 7 ya ndoa. Kenya inakubali uraia wa nchi mbili tangu katiba hiyo. Tanzania haikubali kwa mtu mzima. Kwa hiyo siku ikifika, ni uamuzi mzito kwako, ukae na wazazi wako kabla ya kusaini chochote. Tena hakikisha cheti cha ndoa kiko salama na nakala zake, maana kila kitu kitaulizwa humo.

NyarMwanza:

Ubarikiwe. Mimi ni fundi cherehani na mashine nimekuja nayo. Ndiyo maana niliuliza, na ndiyo maana bado imefunikwa kitambaa. Nitaenda kwanza uhamiaji.

Mama_Kakamega:

Nataka kuchangia hapo kwa nani alitueleza. Mimi nilifanya kazi za nyumbani Doha, nikarudi, sasa nina kibanda changu hapa Kakamega. Kabla ya kuondoka tulipitia mafunzo kama sheria inavyotaka. Tulionyeshwa mashine za kufulia, jiko la umeme, tukaambiwa wikendi yao inaanza Ijumaa, tukaambiwa mavazi, tukaambiwa namba za ubalozi. Kwa hiyo nilipotoka kwenye ndege usiku na joto likanipiga usoni kama nimefungua mlango wa tanuri, nilishtuka lakini nilikuwa nimeambiwa. Mchana wa kiangazi barabara hazina watu, sheria ya kule inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu, Juni hadi katikati ya Septemba. Hata hiyo tulikuwa tumeambiwa.

Lakini dada yangu mdogo aliolewa Jinja, Uganda, ukitoka Busia ni karibu kuliko kutoka hapa kwenda Nairobi, na hakuna aliyemwambia kitu. Alipitia mambo kama yako. Alipokuwa akinipigia analia nilikuwa namwambia "wewe uko hapo tu Jinja, mimi niko Uarabuni". Leo nikikusoma nimeelewa alichokuwa anasema. Yule aliyeenda mbali kila mtu anamwombea. Nitampigia leo jioni.

MtangaSection58:

Mtanzania mwenzio nipo Nakuru, mtaa wa Section 58, natokea Tanga mjini. Dada umenitoa machozi na hiyo ya salamu.

Wewe shukuru una joto. Nakuru iko juu, kama mita 1,850 hivi, na mimi nimezaliwa kando ya bahari. Nilifika mwezi wa saba. Asubuhi nikitoka nje naona watoto wa shule wamevaa sweta nzito na kofia za sufu, mimi nina shati la mikono mifupi nililokuwa navaa Raskazoni. Hakuna aliyeniambia kwamba Kenya ina baridi. Nilijua baridi ni ya Lushoto. Wenyeji wanakuuliza "kwani hukujua?" Ningejuaje?

Jambo jingine ni saa za watu. Huku saa kumi na moja alfajiri barabara ina watu wanakimbilia kazini, na usiku wa saa tatu bado wengine wanafungua biashara ya pili. Jirani yangu ana kazi ya ofisi, jioni anauza nguo za mitumba, Jumamosi anaenda shamba Njoro. Siku za mwanzo niliona ni tamaa. Sasa nimekaa nao, nimeona ada za shule, nimeona bei za vitu, nimewaelewa na ninawaheshimu. Lakini bado Ijumaa baada ya swala natafuta mtu wa kukaa naye tu, tupige soga bila sababu, simpati. Huku kila kikao kina ajenda.

Nazi Nakuru zipo kwa wauzaji wachache, zinaletwa kutoka Pwani, na ukizipata uzikamate maana hazikai.

MwanaWaZiwa:

Nimerudi. Mzee wa Reli amenijibu vizuri na nimekubali. Dada, nilikuwa nasema hakuna ugeni kwa maana ya kukukaribisha, lakini naona nilikuwa nakunyamazisha. Pole.

Ngoja nisaidie kwa kitu ninachokijua. Mama yangu anauza samaki. Soko la Kibuye nenda Jumapili, ndiyo siku kubwa, lakini usiende saa sita, nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Omena, yaani dagaa wenu, wanapima kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Angalia kipimo kinavyojazwa: muuzaji mzuri anamwaga mpaka kinakuwa na kilima juu na anaongeza kiganja bila kuambiwa. Mwingine anaweka mkono ndani ya kopo wakati anajaza. Shika omena mkononi uvunje mmoja, akikatika kwa sauti amekauka vizuri, akipinda achana naye, atavunda kwako. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane, bei inapanda, kwa hiyo Machi nunua za kuweka.

NyarMwanza:

Kaka usijali kabisa, umeshanikaribisha. Na hiyo ya kuvunja mmoja ni ile ile ya mama yangu Kirumba, dagaa lazima alie. Nimefurahi mno.

BintiKaloleni:

Nazi! Nimengoja mtu ataje mtaa wetu hajataja. Dada njoo Kaloleni. Sisi Waislamu wa Kisumu tuko hapa tangu mababu, na Kiswahili ndicho cha nyumbani kwa wengi wetu. Asubuhi mapema wamama wanakaanga mahamri na viazi karai barazani, muulize yeyote nazi atakuonyesha anayezileta. Na huku ukisema shikamoo utaitikiwa mlango hadi mlango. Watu wanadhani Kisumu ina kabila moja tu. Kuna Wahindi waliokuja na reli, kuna Wanubi, kuna Waluhya kila mtaa, kuna sisi. Usikae Migosi ukalia na salamu.

NyarMwanza:

Nakuja Jumamosi hii, Mungu akipenda. Niandikie kwa siri unielekeze pa kushukia.

FundiWaBungoma:

Samahani naingilia. Mimi ni fundi wa friji, nimepata kazi Mwanza, naondoka mwezi ujao na sijawahi kufika Tanzania. Nimesoma huu uzi nikaona nimo katika safari hiyo hiyo, mimi naelekea ulikotoka. Na mimi nimeambiwa "ni hapo tu". Sasa naomba dada, niambie wewe.

NyarMwanza:

Karibu kwetu kaka. Haya.

Kodi kwanza, maana ndiyo itakayokushtua. Jiandae na miezi sita mkononi, mitatu ukipata mwenye huruma. Usibebe hela yote ukitegemea amana ya mwezi mmoja, utalala gesti mpaka uchoke. Hela yako itaonekana nyingi ghafla, utakuwa na malaki mfukoni. Isikudanganye, fanya alivyonifundisha wifi yangu, shika bei ya vitu vitatu.

Salimia. Hata una haraka vipi, hata friji ya mteja inamwaga maji sakafuni, salimia kwanza, na aliyekuzidi umri mwamkie. Usimwambie mtu "nipee". Sema naomba. Watakusamehe mambo mengi sana ukisema naomba. Na mtu akikwambia njoo kesho, muulize kesho saa ngapi, na akikujibu saa nne ni saa nne ya asubuhi yenye nafasi pembeni, usimgombeze. Atakuja, na atakaa na wewe mpaka kazi iishe, na baada ya kazi atataka mzungumze. Kaa. Hapo ndipo utakapopata wateja wako wote.

Chai ni ya rangi, ukitaka ya maziwa itaje. Chipsi mayai kula siku ya kwanza ili usijiulize watu wanasifia nini. Usiku upepo wa ziwa ni mzuri, ila mbu wapo, nunua chandarua. Ukiwa mpweke panda kwenye mawe pale Capri Point jioni, utawakuta vijana wengi wameketi wanazungumza, kaa karibu nao useme umetoka Kenya, watakuuliza maswali mpaka giza liingie.

Kibali cha kazi mwajiri wako akianze kabla hujavuka. Mwambie akupe nakala, usikubali maneno matupu. Laini ya simu isajili siku ya kwanza, kwa pasipoti. Na uwe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwenye mfuko wa mbele wa begi, Sirari wanaweza kukiuliza, na kama huna, kakitafute wiki hii Bungoma kabla hujakata tiketi, kwa sababu chanjo hiyo inahitaji siku 10 ndipo ihesabiwe.